Shule Hufunguliwa Januari, Njaa Huingia Februari

Kila mwaka ukianza, viongozi hupita vijijini kuhesabu watoto walioandikishwa darasa la kwanza. Hesabu husomwa kwenye mikutano na redioni, na kata iliyovuka lengo hupongezwa. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Lakini mimi nimelea watoto, kisha wajukuu, katika wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, na najua kwamba kuandikisha mtoto ni kazi ya asubuhi moja tu. Unamwogesha, unampeleka, anaulizwa jina na tarehe ya kuzaliwa, mnarudi nyumbani. Baada ya hapo zinabaki siku za masomo, na kwa shule zetu za msingi ni 194 kwa mwaka. Hizo ndizo zinazomtoa jasho mtu asiye na kitu.

Asiyeijua kalenda yetu atatuona wavivu, kwa hiyo niieleze. Huku kwetu Ugogo, nchi ya Wagogo, tuna msimu mmoja wa mvua. Huanza Desemba, na ukikaa vizuri hufika Aprili. Tunavuna Mei na Juni. Maana yake ni kwamba shule inapofunguliwa Januari, chakula cha mwaka uliopita kiko mwishoni. Februari na Machi hakipo kabisa, na ndiyo miezi ya palizi. Mama anakwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya wenye uwezo ili jioni arudi na unga, na mtoto mkubwa anabaki kushika mdogo. Aprili mtama na uwele vinaanza kukomaa na kwelea kwelea wanashuka makundi kwa makundi. Shamba lisilo na mtu wa kuamia ndege linaweza kwisha ndani ya siku chache, na mwamiaji mzuri ni mtoto: ana sauti, ana mbio, hachoki haraka. Anatakiwa awe shambani kabla jua halijachomoza, kengele ya shule inapogongwa yuko juu ya kichuguu na kombeo. Ukija Agosti hadi Novemba, tatizo ni maji. Tunafukua mchanga kwenye korongo lililokauka, na foleni ya madumu huanza usiku. Aliyepanga mihula ya shule, namheshimu, ila hakuwa Mgogo.

Mimi mwenyewe nilisoma. Nilikuwa mtoto mdogo wakati wa Operesheni Dodoma, mwaka 1971, tulipokusanywa kutoka kwenye matembe yaliyotawanyika tukawekwa kwenye vijiji vya ujamaa. Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo Novemba 1977. Watu wakaliita UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na hadi leo wapo wanaotutania sisi wa wakati ule kwamba tuna elimu ya UPE. Niliandikishwa 1975. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, anafundishwa ualimu huku anatufundisha sisi. Darasa lilikuwa la miti na udongo, tulilijenga sisi na wazazi wetu. Ada haikuwepo, ilikuwa imefutwa 1973. Nikamaliza la saba mwaka 1981. Hakuna hata mmoja wa darasa letu aliyechaguliwa kwenda sekondari, na wala hatukushangaa, kwa sababu nafasi zilikuwa chache mno. Lakini tulijua kusoma na kuandika, tukajua kukokotoa, na hakuna mnunuzi wa karanga aliyewahi kunipunja kwenye mizani.

Kwa hiyo mtu akisimama mkutanoni akasema wazazi wa huku hatuna mwamko wa elimu, huwa natafuta mahali pa kutemea. Nilikuwa na mwamko tangu nikiwa na miaka minane. Kilichokosekana baadaye kilikuwa kitu kingine.

Binti yangu wa kwanza aliingia darasa la kwanza mwaka 1994. Tulimchelewesha, alikuwa na miaka tisa. Wakati huo mambo yalikuwa yamegeuka. Serikali ilikuwa imebanwa na madeni na masharti ya wakopeshaji tangu katikati ya miaka ya 1980, na wazazi tukaambiwa tuchangie. Kulikuwa na ada ya UPE, shilingi 2,000 kwa mwaka, na juu yake michango: wa mlinzi, wa dawati, wa karatasi za mtihani. Leo elfu mbili ni nauli. Kwetu wakati ule ilikuwa ni kuku wote wa banda, na kuku hao ndio waliokuwa akiba yetu ya ugonjwa.

Mwaka 1996 baba yao akafariki baada ya kuugua muda mrefu. Kuku walikuwa wamekwisha, na mbuzi pia. Mvua ya msimu uliofuata ikakata, mtama ukakauka ukiwa magotini. Mwisho wa 1997 ikaja ile mvua ya El Niño, ikamwagika kana kwamba inalipa deni, ikaosha mbegu tulizokopa. Binti yangu mwaka huo alikuwa la nne. Akawa anarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Anakwenda asubuhi, saa tatu namwona anarudi na daftari lake mkononi, haniangalii. Na daftari la mahudhurio, siku ile aliyorudishwa, linaandikwa hayupo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilisema mzazi asiyempeleka mtoto wa umri wa shule anaweza kushtakiwa. Mimi nilimpeleka, akarudishwa, na mtu wa kuitwa kwa mtendaji ni mimi. Mgambo alipokuja nilimkaribisha, nikamwambia, "Mwanangu, kaa. Ukipata mahali pa kunipeleka ambapo nitapewa hiyo elfu mbili, nifunge kamba twende." Alikunywa maji, akaondoka.

Nilimtoa shule. Mama mmoja wa mjini alikuwa anatafuta msichana wa kulea mtoto Dar es Salaam, na wasichana wengi wa Dodoma wameondoka kwa njia hiyo hiyo, basi naye akaondoka. Hela yake ya kwanza ilinunua mahindi na tulikula. Watu wa semina huwa wanapenda nifike hapa nilie, niseme najuta. Sisemi. Nilikuwa na watoto wanne. Mmoja aliyeondoka alilisha watatu waliobaki. Ningerudishwa mwaka ule, nikiwa na njaa ile ile na ada ile ile, ningefanya vile vile. Mlinganyo ndio ulikuwa mbaya, na mlinganyo hauwezi kubadilishwa na mzazi anayehutubiwa juu ya umuhimu wa elimu.

Wala sikuwa peke yangu. Nchi iliyokuwa imekaribia kuwaingiza watoto wote shuleni mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilipofika mwaka 2000 watoto wa umri wa shule ya msingi waliokuwa darasani walikuwa chini ya asilimia 60. Mwaka 2001 ada ikafutwa, na 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Shule zikafurika. Kijana wangu wa tatu, ambaye alikuwa hajawahi kukaa darasani na ameshapita umri, aliingia MEMKWA, yale madarasa ya waliokosa. Alisoma na vijana wenye ndevu zinazoanza kuota, akajua kusoma, akaishia hapo. Sasa ni fundi baiskeli na hesabu zake anaandika mwenyewe. Namtaja kwa kifupi kwa sababu mambo yake yalikwenda sawa.

Binti yangu alirudi kutoka Dar mwaka 2003 akiwa mjamzito. Alijifungua mtoto wa kike, akakaa mpaka alipomwachisha ziwa, akaondoka tena. Baadaye akaleta wa kiume, kisha wa kike mwingine. Ndivyo nilivyoanza kulea mara ya pili. Ukipita vijijini kwetu utakuta nyumba nyingi za namna hii, bibi na wajukuu, katikati hakuna mtu.

Mjukuu wa kwanza alifikisha miaka saba mwaka 2010. Mwaka huo Chamwino ilikuwa mojawapo ya wilaya tatu, pamoja na Bagamoyo na Kibaha, zilizowekwa katika majaribio ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ya kuzipa kaya maskini fedha kwa masharti. Uliitishwa mkutano wa hadhara wa kijiji. Tukaambiwa tutaje wenyewe kaya zilizo hoi kuliko nyingine. Ni jambo gumu kulisikiliza jina lako likitajwa pale. Mzee mmoja alisimama akasema ukoo wake hauna maskini, akaondoka na fimbo yake. Mke wake akabaki nyuma, akainua mkono kimya kimya, akaandikwa. Baada ya hapo wakaja na dodoso: paa la nyasi au bati, milo mingapi kwa siku, choo kikoje, nani analala wapi. Wiki kadhaa baadaye majina yakasomwa tena, na langu lilikuwemo.

Masharti yalikuwa mepesi kuyasema. Watoto wadogo wapelekwe kliniki, wa umri wa shule waandikishwe, na wahudhurie si chini ya asilimia 80 ya siku za masomo. Fedha ilitolewa kila baada ya miezi miwili, mkononi, ofisi ya kijiji, mbele ya kamati ya wanakijiji tuliowachagua. Mtafiti mmoja alituambia jambo hili lilianzia Amerika ya Kusini na Mexico, kwamba Mexico walianza 1997. Nikakumbuka 1997 yangu.

Mwaka 2012 mpango ukazinduliwa kwa nchi nzima ukiitwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Viwango baadaye vikawa hivi: ruzuku ya msingi shilingi 10,000 kwa mwezi, 4,000 kwa kaya yenye mtoto, na 2,000 kwa kila mtoto wa shule ya msingi anayetimiza mahudhurio. Wa sekondari ya chini 4,000. Elfu mbili! Ile ile iliyonishinda mwaka 1997, sasa inarudi kwangu kila mwezi kwa sababu mtoto ameingia darasani. Sikuamini na bado nikiwaza huwa nacheka.

Fedha ilikuwa ndogo. Mwenye duka angeweza kuitumia kwa soda za wiki. Basi kwa nini ilifanya kazi? Nimelifikiria sana hili, na jibu langu si lile wanaloandika kwenye mabango.

Kwanza, ilikuwa na tarehe. Hela ya vibarua inakuja leo, kesho haipo, na hela ya namna hiyo huwezi kuipangia daftari, unaila. Lakini nikijua kwamba malipo yapo, naweza kwenda kwa mwenye duka nikamwambia nipe sare, na yeye anajua kwamba sitamtoroka. Kabla ya hapo hakuna aliyenikopesha hata chumvi. Walengwa wengi tulianza na viatu. Wale watafiti waliokuja kutuhoji tena na tena, ambao walilinganisha vijiji 40 vilivyopata fedha na 40 vilivyokuwa havijapata, nasikia jambo hilo walilikuta kwenye hesabu zao: kaya zilizopata fedha zilinunua viatu vya watoto. Mimi ningewaambia bila hesabu. Mtoto asiye na viatu hakosi shule kwa sababu ya miiba, miguu yetu imeizoea. Anakosa kwa sababu ya mstarini. Pale asubuhi, mwalimu wa zamu anapokagua usafi, watoto mia nne wanaangalia miguu yake. Nilimnunulia mjukuu yeboyebo za plastiki, na asubuhi iliyofuata aliamka kabla yangu.

Pili, asilimia 80 ilinipa ruhusa ambayo sikuwahi kuwa nayo. Chukua mwezi wenye siku 20 za masomo. Mtoto akihudhuria 16, amefuzu. Maana yake siku nne ni zangu. Zamani kila siku aliyokosa ilikuwa kosa, na mtu akishakosea mara kumi haoni tena tofauti ya kumi na moja. Sasa nilikuwa na siku nne za kutumia kama chumvi ya kwenye kibuyu, nikijua ikiisha imeisha. Mwezi wa Februari sikuzigusa. Aprili nilizitumia zote.

Na hapo ndipo nilipomwendea shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye shamba lake linapakana na langu na naye aliandikwa kwenye mpango. Nikamwambia, "Shemeji, ndege hawa ni wamoja. Wakitoka kwako wanatua kwangu. Kwa nini tuwe na waamiaji wawili?" Akacheka. Tukapanga watoto wetu kwa zamu: leo wa kwake anaamia mashamba yote mawili, kesho wa kwangu, na alfajiri ile ya mwanzo kabisa tunaamia sisi wakubwa mpaka kengele. Nyumba nyingine mbili zikajiunga. Msimu ule hakuna mtoto wetu aliyeshuka chini ya asilimia 80, na mtama tuliupata. Hakuna mtaalamu aliyetufundisha. Tulichokosa miaka yote ni sababu ya kukaa chini tukahesabu.

Tatu ni mwalimu. Kwa kuwa mahudhurio yalipaswa kuandikwa kwenye fomu, daftari likaanza kusomwa. Zamani mtoto akipotea wiki mbili, mwalimu mwenye wanafunzi mia moja darasani hana muda wa kuuliza. Sasa akikosa siku tatu mfululizo natumiwa salamu: yuko wapi? Mjukuu wangu akaniambia, "Bibi, mwalimu analijua jina langu." Mtoto anayejulikana jina huona aibu kukosa.

Uji nao una habari yake. Miaka ya 2000 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilikuwa linaleta chakula kwenye shule za wilaya zenye ukame, mkoa wetu ukiwemo. Ukipita shuleni saa nne unasikia harufu ya uji na kelele za vikombe. Siku za uji darasa lilijaa, wakaja hata wadogo wasioandikishwa, wamefuata kaka zao. Mpango ule ulipokoma watoto wakapungua, na wengi waliobaki walikuwa wanasinzia baada ya mapumziko. Mwalimu wa hesabu wa la tano alinieleza kwamba masomo magumu aliyahamishia vipindi vya mwanzo, kwa sababu kufika saa tano anafundisha ukuta. Mtu akiniuliza leo, ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu cha kumfanya mtoto maskini aje shule, utanunua nini, sisiti: sufuria, kuni na unga. Fedha mkononi ni nzuri, viatu ni vizuri. Ila Februari mtoto hufuata kinachochemka.

Mwaka 2016 ikaja elimumsingi bila malipo hadi kidato cha nne. Waraka ulitoka mwishoni mwa 2015, na Januari ilipofika shule yetu iliandikisha watoto mpaka mwalimu mkuu akashika kichwa. Madarasa hayakuongezeka usiku ule. Kuna wazazi waliosikia bila malipo wakadhani hata daftari ni la serikali, kukawa na maneno mengi mpaka ikaeleweka kwamba sare na madaftari bado ni vyetu. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango ya lazima shuleni. Tulishangilia, kisha tukagundua kwamba na mchango wa uji umeogopwa. Kila kamati ya shule ilihofia kuitwa. Jambo zuri huweza kukanyaga jambo lingine zuri bila kukusudia.

Mjukuu wangu mkubwa alifaulu la saba mwaka 2016, akapangiwa kidato cha kwanza. Ada ya sekondari ya kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka, ilikuwa imeshaondolewa. Nikadhani tumemaliza. Kumbe shule ya kata iko mbali, ni mwendo wa saa mbili na zaidi kwa miguu, nusu yake porini. Wasichana wengi hupanga vyumba karibu na shule, viwili viwili au vitatu vitatu, wanajipikia. Tunaviita mageto. Sitaki kusema mengi juu ya mageto. Binti wa miaka 14, amefungasha unga wa wiki, unga unaisha Alhamisi, na bodaboda yuko mlangoni na chipsi. Kila kijiji kina majina ya walioishia hapo, na wakati ule mwanafunzi akipata mimba alifukuzwa na hakurudi. Mlango wa kurudi ulifunguliwa Novemba 2021. Wengi wa rika la mjukuu wangu walikuwa wameshazaa mtoto wa pili.

Nilikataa geto. Niliuza mbuzi wawili waliotokana na mmoja niliyemnunua kwa fedha za ruzuku, nikaongeza hela ya ajira za muda, zile kazi za kuchimba lambo tulizolipwa shilingi 2,300 kwa siku, nikamnunulia baiskeli ya mtumba. Mjomba wake, yule fundi wa MEMKWA, akaifumua yote akaifunga upya. Kijiji kilisema mengi. Msichana wa Kigogo juu ya baiskeli ya kiume, sketi imefungwa kwa mpira! Alipanda miaka minne. Mara mbili nilimkuta analia kwa sababu ya hedhi, hakuwa na kitu cha kuvaa kinachomruhusu kukaa juu ya kiti cha baiskeli saa nzima. Siku hizo alikosa shule, na hakuna fomu iliyokuwa na mahali pa kuandika sababu hiyo. Pedi zilifutiwa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, na mwaka uliofuata kodi ikarudishwa. Bei ya kijijini kwetu haikuona ilipoondoka wala iliporudi. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2020, akapata daraja la nne, akaenda kusomea ushonaji.

Wa kiume ni habari nyingine. Yeye hakuwa mtoto wa njaa. Alipokua, nyumbani palikuwa na mbuzi, tulikula mara mbili, alikuwa na viatu. Lakini mwaka 2016 ilitangazwa kwamba serikali inahamia Dodoma kweli kweli, na mji ukaanza kujengwa kila upande. Kokoto zikapanda bei, tofali zikapanda bei, na mabega ya vijana yakapanda bei. Nilichokijua mimi ni namna ya kumpigania mtoto umaskini usimtoe shule. Sikujua namna ya kumpigania asitolewe na hela.

Alikuwa darasa la saba shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Wiki ya pili alikuwa ameshapanda lori. Zilipofunguliwa Juni 29, hakuonekana. Nilimfuata mpaka kwenye jengo, nikamkuta anapandisha zege, amevaa kofia ngumu iliyomzidi kichwa. Akaniamkia, "Shikamoo bibi," kwa heshima zote, akanipa elfu kumi. Nikaishika. Nikamwambia mtihani ni Oktoba, afanye kisha arudi kwenye zege akitaka. Fundi mkuu, mtu mzima mwenye busara, akamwambia mbele yangu kwamba hatampa kazi mpaka alete namba ya mtihani. Hilo lilimrudisha kuliko maneno yangu. Alifanya, akafaulu, akapangiwa sekondari, akakaa muhula mmoja, akaondoka. Sasa ana miaka zaidi ya kumi na minane na ni fundi msaidizi. Tukikutana bado tunabishana. Yeye anasema waliomaliza kidato cha nne wanakuja kumwomba kibarua. Mimi namwambia wasomaji wa ramani za nyumba hawabebi zege. Ananiahidi chuo cha ufundi cha VETA mwakani, na mwakani hiyo ina miaka mitatu sasa.

Dada yake, yule wa baiskeli, ana cherehani barazani kwangu. Anashona sare. Na hapa amefanya kitu ambacho nimewaambia kamati ya shule wakiangalie kwa makini. Anashona Desemba na Januari, wakati wazazi hawana kitu, na anapokea malipo Juni, baada ya mavuno, kwa hela au kwa mtama. Ana daftari la wadeni. Wapo waliomdhulumu, wachache, na mwaka unaofuata hawashonewi mpaka walipe. Wengi hulipa. Amefuata kalenda ya mvua, ile ambayo waliopanga mihula waliisahau.

Mimi nimo kwenye kamati ya shule kwa kipindi cha pili. Mdogo wao amemaliza la saba, sina mtoto pale tena, lakini sikutaka kutoka kabla jambo moja halijashika. Tulikubaliana kwenye mkutano wa wazazi, kwa hiari na kwa maandishi ili asitokee wa kutuita, kwamba kila kaya itoe debe moja la mtama mwezi wa Juni, likiwa bado lipo, lihifadhiwe stoo ya shule, lisiguswe mpaka Januari. Kaya zisizoweza zitatoa kuni au zamu ya kupika. Mwaka wa kwanza uji ulifika katikati ya Machi ukakatika. Mwaka wa pili ulifika Aprili. Wapo wazazi wanaosema kwa nini watoe debe wakati watoto wao wanakunywa chai nyumbani, na mwenyekiti wetu, mtu mpole kupita kiasi, anawaacha waseme. Mimi huwasomea daftari la mahudhurio la Februari, mwaka kwa mwaka, jina kwa jina, wa kwao na wa wenzao.

Tunakutana Jumamosi. Ajenda ya kwanza ni nani hajaleta debe lake, na ya pili ni panya wa stoo.